Kwa picha, nyuma ya Darajani: nimesafisha picha za mwaka mzima hapa

Duka lenyewe halina ubao wa jina. Mlangoni pana karatasi tu imebandikwa kwa selotepu, PASPOTI FOTOKOPI LAMINESHENI, na chini yake mtu kaongeza kwa kalamu "picha za simu tunasafisha", ndo mana wengi wanapita wanaenda zao. Ukitoka sokoni Darajani, hapa mjini Unguja, ukashika njia ya kwenda Mlandege muulize mtu yoyote "kwa picha ni wapi" atakuonesha, ni kichochoroni, mlango wa buluu, ndani panaingia watu wanne mkibanana. Mimi nimesafisha picha 345 hapa, kwa mafungu, mwezi baada ya mwezi, kwahiyo ninachoandika si cha kwenda mara moja nikarudi.

Kwanza nieleze picha 345 ni za nini mana ndo msingi wa yote. Mosi Muharram 1446, yani Julai 2024, niliweka nia nipige picha moja kila siku mpaka mwaka uishe. Sio picha ya kupostiwa, hapana, picha ya siku. Sandali mlangoni mwa msikiti, dirisha la daladala ya 502 mvua inapiga, mikono ya mama inamenya muhogo. Mwaka wetu wa mwezi ni siku 354 au 355, kwahiyo hesabu ni fupi kidogo kuliko ya kalenda ya ukutani, na siku tisa zilinipita, nne nilikuwa naumwa na tano nilisahau tu kwa shughuli. Zilizobaki zote ninazo, na zote zipo kwenye karatasi.

Kwanini karatasi? Mana nishaumia. Nlikuwa na picha niliyompiga mdogo wangu Forodhani 2019, kashika mahindi ya kuchoma anacheka, nyuma yake Beit al Ajaib nzima na mnara wake na zile roshani zote za mbele. Lile jumba kalijenga Sayyid Barghash 1883, sisi tumezaliwa tumelikuta na tukajua tutaliacha. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka na mnara ukaenda nao. Siku ile nilifungua simu nikaitazama ile picha muda mrefu khasa, nikasema hii nitaisafisha, nitaitia fremu. Sikuisafisha. Masika ya 2024 nikiwa nashuka boti bandari ya Mkoani, Pemba, mvua, watu wanasukumana, mzigo wa vitambaa kichwani, simu ikanitoka mkononi ikaingia baina ya boti na gati. Picha za miaka mitano. Mdogo wangu sasa ana ndevu, na jumba lile hata likirudi kama lilivokuwa, ule mchana haurudi.

Basi huko ndo nilikotoka. Kazi yangu ni kuuza vitambaa, kila mwezi nakwenda Pemba mara moja au mbili, kwahiyo nusu ya picha zangu ni za njiani: botini, bandarini, ndani ya gari ya Wete, kwa bibi yangu.

Fungu la kwanza mwanzo sikulipeleka hapa. Nilipeleka sehemu nyengine mjini, pakubwa, pana kiyoyozi, jina lake sina haja ya kulitaja. Nikawatumia picha thelathini kwa WhatsApp, jioni nikaenda kuchukua. Zilikuwa zimefifia kama zimetazamwa kupitia pazia, na zile za watu zimekatwa. Bibi yangu amepigwa amekaa barazani kajitanda kanga, kwenye karatasi kichwa chake kimeishia kwenye paji la uso. Nikauliza, nikaambiwa "picha yako ndo ilivyo dada". Nikalipa nikaondoka, na nikaamini kweli ni simu yangu mbovu.

Sasa huyu kijana wa mlango wa buluu (mwenye duka ni yeye na dada yake, dada ndo anapiga paspoti) siku ya kwanza nilipomfata nikafungua WhatsApp nimtumie, akanizuia. Akasema usitume hivo, ukituma kama picha WhatsApp inaibana inaipunguza, tuma kama dokyumenti ndo inafika nzima, au nipe waya tuchomeke kwenye kompyuta. Akachukua picha moja akafanya njia zote mbili, akazifungua pamoja kwenye skrini, akavuta karibu mpaka kwenye ukingo wa kanga ya bibi. Ya WhatsApp maandishi ya kanga yalikuwa kama ukungu. Ya waya nilisoma neno kwa neno. Hajanitoza kitu kwa somo hilo, na watu watatu walikuwa wanasubiri nyuma yangu.

Halafu suala la kukatwa vichwa. Hili nataka kila mtu anaepiga picha kwa simu alielewe mana wengi tunaibiwa kichwa bila kujua. Picha za simu nyingi zinatoka na umbo la 4 kwa 3, karatasi ya kawaida ya picha ni inchi 6 kwa 4, yani umbo la 3 kwa 2, karatasi ni nyembamba zaidi. Mashine ikiachiwa ijaze karatasi lazima ikate, na inayokatwa ni kama asilimia 11 ya picha, juu na chini kwa picha iliyolala, kushoto na kulia kwa iliyosimama. Asilimia 11 ukiisikia ni kidogo, ila ikiwa ndo kofia ya mzee wako au miguu ya mtoto si kidogo hata. Yeye anakuwekea kile kifremu kwenye skrini, anakugeuzia kioo, anakuuliza "tukate wapi dada?" Picha isiyokatika anaacha ukingo mweupe pembeni ikae nzima. Mimi mwisho nikamwambia zote zitoke na ukingo mweupe, na sasa naona ndo zimependeza khasa, hata ule weupe unakupa pahala pa kushika bila kuitia vidole.

Printa yake sio ya wino wa maji, ni ile inayotumia utepe wa rangi na joto. Nilikuwa nasimama naitazama kama mtoto. Karatasi inaingia na kutoka mara nne: ya kwanza inatoka manjano tupu, mtu wa manjano, bahari ya manjano, ya pili inaongezeka wekundu wa zambarau, ya tatu buluu na hapo ghafla ndo watu wanakuwa watu, ya nne hakuna rangi yoyote, ni ngozi laini tu inapita juu kuikinga na vidole na maji. Kwa hewa yetu hii ya chumvi na unyevu hiyo ngozi ndo kila kitu. Zile za duka la kwanza zilikuwa za wino, nimeziweka kabatini msimu mmoja wa masika zimegandana, nikizibandua zinaacha uso wa mtu kwenye mgongo wa picha nyengine. Hizi nimezifuta kwa kitambaa kibichi baada ya mtoto kumwagia uji wakati wa Ramadhani, na hazikufanya kitu.

Lakini lilonifanya nirudi kila mwezi ni rangi. Mashine nyingi zina kitu cha kujirekebisha zenyewe, zikiona picha ina giza zinaimulika. Kwa ngozi zetu hiyo ni balaa, mtu mweusi anatoka wa kijivu, uso kama umepakwa unga. Huyu kijana anaizima. Anazima kabisa halafu anatazama picha moja moja kwa jicho. Septemba nilileta picha ya karafuu, nimepiga njiani baina ya Chake na Wete, wameanika jamvi refu ukingoni mwa lami, upande mmoja zimechumwa leo, mbichi, kijani na ncha zimeiva wekundu, katikati zinageuka, na upande wa pili zishakauka hudhurungi iliyokolea. Picha yenyewe nzima ni huko kugeuka kwa rangi, hakuna kitu chengine. Chapa ya kwanza ikatoka jamvi zima rangi ya tofali. Mimi ningeichukua. Yeye akaishika, akatoka nayo nje kwenye jua, akarudi akasema "hii karafuu gani hii, hazijakauka wala si mbichi." Akaipunguza wekundu, akachapa ya pili, akatoka nayo tena, akachapa ya tatu. Nimelipa moja. Baadae akaniambia babu yake alikuwa mchumaji Mtambwe, nikaelewa.

Na hapa niseme kitu. Mji huu una historia ya picha, si mji wa juzi. Ile Capital Art Studio pale Kenyatta Road kaianzisha Ranchhod Oza 1930, na kabla yake wakina Gomes, Wagoa, walikuwa na studio hapa tangu karne ya kumi na tisa. Ukiingia Capital Art ukatazama zile picha nyeusi na nyeupe, vichochoro, majahazi, watu wamevaa vizuri wamesimama, unaona mji ule ule unaopita kila siku kwenda sokoni. Na ukienda Nyaraka kule Kilimani zimo nyengine. Zote hizo tunaziona leo kwa sababu moja tu, zilikuwa kitu, kioo, karatasi, kitu cha kutiwa kwenye kasha. Simu zetu zimejaa picha mara elfu kuliko za Oza, na zikizama Mkoani zimezama.

Yuko pia Mmarekani mmoja, Jamie Livingston, New York, huyu nimemsoma zamani na ndo alonitia hamu ya picha moja kwa siku. Alianza tarehe 31 Machi 1979 na kamera ya Polaroid, moja kila siku, akaendelea mpaka tarehe 25 Oktoba 1997 siku aliyofariki kwa saratani, siku hiyo hiyo anatimiza miaka 41. Miaka kumi na nane na zaidi. Rafiki zake wakazikusanya, ndo dunia ikazijua. Polaroid inatoka karatasi papo hapo mkononi, kwahiyo kila siku yake ilikuwa tayari kitu cha kushika. Sisi wa simu inabidi hatua hiyo tuitie wenyewe, na mimi hatua yangu ni mlango huu wa buluu.

Sasa kasoro, mana zipo na sitazificha.

Kubwa kwangu ni usiri. Ukichomeka simu anakopi picha zako kwenye kompyuta yake, na skrini inaangalia mlangoni. Siku moja nimeingia nikakuta picha za harusi ya watu ziko wazi, za ukumbi wa wanawake, bibi harusi na shoga zake hawajajitanda, na mwanamme anasubiri fotokopi kasimama pale pale. Hilo halifai hata kidogo. Nilimwambia palepale, nikamwambia kaka hawa dada wamekuamini. Alifunga, akaomba radhi, na safari iliyofata nikakuta ameigeuza meza. Tangu siku hiyo anafuta faili mbele yangu bila kuombwa, ila mimi nawashauri ombeni, simameni muone zinafutwa na kile kikapu cha taka cha kompyuta kinamwagwa. Dada yake yupo asubuhi, wenye picha za ndani mwende kwake.

Pili ni umeme. Ukikatika katikati ya chapa ile karatasi na utepe vimepotea, kwahiyo umeme ukianza kuchezacheza yeye hachapi, anakwambia rudi kesho. Namuelewa, ila kama umetoka Makunduchi au Nungwi na nauli yako ni uchungu. Piga simu kwanza. Mimi mwezi wa Disemba nimekwenda mara tatu kwa fungu moja.

Tatu, karatasi ya kumeta ndo anayo siku zote, isiyometa hupati mpaka uagize, na mimi napenda isiyometa kwa picha za botini mana mwanga wa bahari unazidi. Nne, viti hakuna. Mama watu wazima wanasimama. Bao moja tu la kukalia pale nje lingetosha, pana nafasi.

Bei: shilingi 700 moja, ukizidisha hamsini anakufanyia 500, mimi nilikuwa nikifikisha thelathini kwa mwezi akinipa kwa 500 vilevile kwa sababu ananijua nitarudi. Kwa mwezi ni elfu kumi na tano. Kwa mwaka hesabu mwenyewe, si kitu cha kudharau kwa mtu wa kipato chetu, lakini nimeshawahi kutoa zaidi ya hizo kwa bando la mwezi na halikuniachia kitu.

Niwaambie na hili kuhusu kupiga zenyewe mana watu wananiuliza. Huku kwetu hupigi mtu bila kumuomba. Pemba ndo zaidi, na wana haki. Mimi nilianza kwa woga nikawa napiga vitu tu, vikapu, milango, paka. Baada ya mwezi mmoja nikaanza kuomba, "naomba nikupige picha, nitakuletea", na hilo neno nitakuletea ndo lilifungua kila kitu, ila ukilisema lazima ulete. Yule mzee anaeuza boflo kwa baskeli nimempiga Agosti, Septemba nimempelekea yake. Akaitia mfukoni mwa kanzu bila kuitazama sana. Wiki moja baadae napita naye ananiita, "we mtoto, mke wangu anataka na yeye." Zaidi ya picha arubaini kati ya hizi nimechapa mbili mbili kwa sababu kama hiyo, hazimo kwenye ile 345.

Bibi yangu ndo nimalizie naye. Yupo Wete, macho yake si mazuri tena, simu haioni, ukimuonesha picha kwenye simu anasema ndio ndio nzuri mwanangu, kwa kukuridhisha tu. Mwezi uliopita nilimpelekea zote, kwenye kasha la viatu, nimezipanga kwa tarehe na vipande vya kadibodi kutenga miezi. Akakaa mkekani mlangoni penye mwanga, akazitoa zote, akavuruga mpango wangu wote, akaanza kuzipanga upya kwa watu. Fungu la mama. Fungu la shangazi. Fungu la wasiojulikana, hilo akalisogeza mbali. Anaisogeza kila moja karibu na jicho la kulia, anainusa karibu. Picha ya uji wa Ramadhani ambayo haina mtu, sufuria tu na mvuke, akaiweka kwa mama, mana kalijua sufuria.

Halafu akaniambia "niandikie nyuma nani ni nani, nami nikifa wajue." Nikaandika kwa peni ya kawaida, wino ukawa haukauki, ukachafua picha kumi na mbili. Nilirudi nazo mlango wa buluu kwa aibu. Akasema nyuma ya karatasi hizi hapanywi wino, tumia penseli laini au ile kalamu isiyofutika yenye ncha nyembamba, uache ikauke kabla hujazipandanisha. Akachapa tena zile kumi na mbili, hii nililipa, kosa langu. Sasa naziandika jioni jioni, jina, pahala, tarehe, nimefika mwezi wa Rajabu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa zile picha za harusi, na akiendelea kufuta kama anavofuta sasa mwakani nitaiongeza. Wanafungua saa tatu asubuhi, Ijumaa wanafunga kabla ya sala na hawarudi mpaka jioni. Nendeni na waya wenu wa chaji, wake umekatika ganda.